KUTU YA WAYA SI KOSA LA DEREVA

Ndugu Wanachama,

Kuna neno moja linalovuma siku hizi kwenye kazi za ujenzi kisiwani humu, kuanzia Makupa hata Kilindini: "Dereva ameharibu mashine." Tingatinga likizima, dereva. Eksikaveta ikikosa nguvu, fundi. Barua ya kujieleza huandikwa kabla mtu hajafungua boneti. Sisi wafanya kazi wa reli tunaozishika mashine hizi twasema neno hilo halifai kutamkwa mpaka mashine yenyewe imeulizwa. Nayo ina kinywa.

Injini ya dizeli ya zamani ilisikilizwa kwa sikio. Injini ya leo ina kompyuta, na kompyuta hiyo ni kipofu isipokuwa kwa vile vidude viitwavyo sensa (si ile sensa ya kuhesabu watu). Moja yapima presha ya oili, nyingine joto la maji, nyingine mzunguko wa krenki. Sensa ya presha kwa kawaida ina nyaya tatu. Waya wa kwanza huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa athi, wa tatu hurudisha habari, mara nyingi kati ya nusu volti na volti 4 na nusu. Habari ikitoka nje ya mipaka hiyo, kompyuta yajua kwamba hapo hakuna habari ya oili tena, kuna ugonjwa wa umeme. Ndipo huwasha taa na kuandika namba.

Ndugu, zishikeni namba hizo. Katika mashine nyingi kubwa zafuata kanuni iitwayo J1939, nazo huja mbili mbili. Ya kwanza yataja mahali: 100 ni presha ya oili, 110 ni joto la maji. Ya pili yataja kosa: 1 ni kwamba presha yenyewe imeshuka kweli hata kufikia hatari, 3 ni volti kupanda mno, 4 ni volti kushuka mno, 5 ni mkondo mdogo au waya uliokatika. Basi 100 na 1 ni jambo la oili, na dereva aliyepuuza taa hiyo ana la kujibu. Hatusemi kila dereva ni malaika. Lakini 100 na 4 ni jambo la waya, plagi au sensa. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa namba ya namna hii ya pili. Oili ilikuwa imejaa. Pini ya plagi ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani.

Kutu hiyo yatoka wapi? Mwulizeni mtu yeyote wa Mji wa Kale bawaba za mlango wake zadumu miaka mingapi. Twafanya kazi katikati ya bahari, na upepo wa chumvi hauchagui. Tena mashine huoshwa kwa maji ya nguvu yanayopenya kwenye plagi. Nani aliyeamuru zioshwe hivyo? Si dereva.

Na hasara anayolaumiwa mfanya kazi, mara nyingine ofisi imejitia yenyewe. Sensa mpya yanunuliwa, yafungwa, taa haizimiki. Wajue kwamba sensa kadhaa huweza kula waya mmoja wa volti 5. Moja ikigusisha waya huo na athi, zote hulia pamoja. Asiyejua hununua tatu. Ajuaye huchomoa moja moja, mita mkononi, mpaka volti zirudi. Na sensa ya joto yenye nyaya mbili hupimwa bila kununua kitu: chomoa plagi, kompyuta isome baridi kabisa; unganisha pini mbili za upande wa waya, isome joto kabisa. Ikifuata, nyaya ni nzima, shuku sensa. Isipofuata, weka fedha mfukoni, utafute kwenye nyaya.

Mabwana hutujibu kwamba mafundi wa shule za msingi za misheni hawawezi mambo ya kompyuta. Huko misheni tulifundishwa kutofautisha 1 na 4, na hesabu hiyo yatosha. Husema pia kwamba kompyuta ya uchunguzi ina neno la siri. Vema! Lakini vipi ushahidi uwe siri na adhabu iwe wazi? Kwao mzigo wa mwenziwe ni kanda la usufi.

Sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara ukatwe kwa hasara ya mali iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Kutu haina makusudi. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, mtu asikilizwe akiwa na mwenzake au mjumbe wa Chama.

Kwa hiyo twadai:

1. Kila karakana iwe na mita ya umeme na mchoro wa nyaya wa kila mashine.
2. Namba za kosa zisomwe mbele ya mjumbe wa Chama, ziandikwe, kisha ndipo zifutwe.
3. Mafundi wafundishwe kompyuta ya uchunguzi kwa saa za kazi.
4. Asikatwe mtu hata senti moja mpaka waya umepimwa.

Januari 1947 watu wa gati na watu wa reli waligoma pamoja hapa Mombasa kwa ajili ya mshahara. Mshahara huo hauna maana ukichukuliwa tena kwa barua moja isiyo na ushahidi.

Tangu leo, mashine ikizima chini ya mkono wako, andika namba zote mbili, saa na tarehe, umpe mjumbe wako siku hiyo hiyo. Namba zikifutwa kimya kimya, shahidi wako amekufa.

Ni sisi wenzenu,
Wafanya kazi wa Karakana