Tuzo Ikigeuka Sadaka

Mama mmoja wa mtaa wa Fedha, Nairobi, anauliza: bintiye ameshinda pesa za tuzo na anataka kukitolea chuo kikuu alichosoma, kodi itakuwaje?

Kwa sheria ya Kenya, mchango wa pesa taslimu hupunguza mapato yanayotozwa kodi iwapo chuo kimesamehewa kodi na mtoaji hapati faida yoyote. Basi na aulizie cheti cha msamaha kabla ya kutoa, kisha ahifadhi stakabadhi.

Kwa vijana wetu walioko Marekani, utaratibu ni mwingine. Tangu sheria ya 1986, tuzo hutozwa kodi, ila mshindi akiielekeza moja kwa moja kwa hisani kabla ya kuipokea. Ndivyo Barack Obama alivyofanya na tuzo yake ya Nobel ya 2009, dola milioni 1.4.

Nia hutangulia amali. Na karatasi zitangulie pesa.