KOSA LA WENYE BUSTANI

Bismillah.

Ndugu zangu, siku hizi simu zetu zimejaa picha za hoteli za kifahari: nyuma msitu, mbele bahari. Kaskazini mwa Pemba mandhari hayo yapo kweli. Msitu wa Ngezi, wenye miti mirefu na popo wa Pemba asiyepatikana kwingine duniani, umekaribiana na ufukwe wa Vumawimbi, na upande huo zipo hoteli ambazo usiku mmoja tu ni zaidi ya mshahara wa mwezi wa wengi wetu.

Wapo wanaouliza: je, ni haramu? Asili ya vitu ni uhalali. Kumiliki hoteli nzuri, au kupumzika na mkeo bila pombe, bila uchi na bila mkopo wa riba, si dhambi. Swali la kuuliza ni hili: uzio umepita wapi?

Isome Suratul Qalam, kuanzia aya ya 17 hadi ya 33. Wenye bustani waliapa kuvuna asubuhi mapema, wakaenda wakinong'onezana ili maskini asiingie. Walipofika wakaikuta imeteketea, hata wakadhani wamepotea njia. Zingatia: kosa lao halikuwa kumiliki bustani. Walimfungia maskini mlango.

Sasa njoo kwetu, Kunduchi mpaka Kigamboni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na kabla ya sheria hiyo, Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, na kwamba kuondoa kero njiani ni sehemu ya imani. Basi anayejenga ukuta kwenye njia ya mvuvi kuelekea ngalawa yake, ameiweka kero, hajaiondoa.

Lakini tusiwalaumu matajiri peke yao. Nani anawauzia kiwanja pamoja na njia ya watu? Ni sisi! Kijana anauza shamba la minazi la marehemu baba yake, na dada zake hawajapewa fungu lao la mirathi. Kiongozi wa mtaa anagonga muhuri akijua njia ipo, kwa sababu amepewa bahasha. Bahasha hiyo ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa.

Kwa hiyo:

1. Ukiuza, gaweni mirathi kwanza, kisha iandikwe kwenye mkataba kuwa njia ya baharini inabaki wazi.

2. Ukiitwa kuwa shahidi na ukaona njia inazibwa, usitie saini.

3. Ukinunua, acha njia kwa nia ya sadaka. Kila atakayepita, InshaAllah, utaandikiwa.

Ewe Mola, tupe riziki ya halali, wala usitufanye ukuta mbele ya riziki za wenzetu. Aamiin.

Wallahu aalam. Mfikishie na mwenzako.