Kufunga Mashine ya Boti Si Kukaza Boliti Tu



Yako maneno ambayo kila fundi wa mashine za boti katika pwani yetu amekwisha kuyasikia: "Funga tu hiyo mashine, kesho asubuhi wageni wanatoka." Msemaji huwa ni meneja au mwenye boti. Naye asemapo "funga" ana maana ya kuipachika mashine nyuma ya boti, kutoboa matundu manne kwenye ubao wa tezi, kukaza boliti, kuunga nyaya na mpira wa mafuta, kisha kuwasha. Kwa mashua ya uvuvi yenye mashine ya nguvu za farasi 15 maneno hayo yana ukweli kidogo. Kwa boti ya kasi yenye mashine ya 200 au zaidi, ni maneno ya hatari. Nionavyo mimi ni wizi vilevile, maana kazi kubwa ni ile inayobaki baada ya boliti kukazwa, na hiyo hailipwi.

Naandika nikiwa fundi wa miaka mingi kaskazini mwa Mombasa. Kwanza nitaieleza kazi yenyewe, kwa sababu wenzetu wa viwandani na mashambani hawaijui, na viongozi wetu hawawezi kuidai mezani kazi wasiyoielewa.

Boti ya kasi haikati maji kama jahazi. Ikipata mwendo hupanda juu ya maji, na sehemu kubwa ya faiba yake huwa hewani. Kinachobaki majini ni kipande kidogo cha nyuma cha mkuku pamoja na mguu wa mashine. Mguu huo ni mzigo, kila sentimita yake iliyozama inaizuia boti, kwa hiyo fundi huinua mashine. Lakini akizidisha, propela hunyonya hewa badala ya kushika maji, mizunguko hupanda ghafla na boti hulegea. Tena matundu ya kuvutia maji ya kupoza, ambayo kwa mashine nyingi yako ubavuni mwa mguu, hukaribia uso wa maji. Mashine ikikosa maji hayo kwa muda mfupi tu, pistoni zinaungua, na fundi ndiye anayeulizwa.

Kimo kinachofaa hakijulikani kwa macho. Mashine huinuliwa nusu inchi, boti ikashushwa majini, ikakimbizwa, saa ya presha ya maji ikatazamwa, ikarudishwa ufukoni, ikainuliwa nusu inchi nyingine. Kama mashine imesogezwa nyuma kwa bamba la jeki, hesabu hubadilika tena, kwa kuwa maji yatokayo chini ya boti huanza kupanda yakishaachana na tezi. Nimewahi kuirudisha boti moja ufukoni mara saba kwa siku moja, nikilegeza na kukaza boliti zilezile. Katika karatasi ya kazi meneja aliandika: kufunga mashine, saa tatu.

Kisha kuna propela, au rafadha kama wasemavyo wazee. Hapa ndipo ubabaishaji ulipo mwingi, maana mwenye boti huenda dukani akanunua ile inayong'aa. Chukua mfano wa propela ya hatua ya inchi 21, yaani ambayo kama ingekuwa skurubu katika mti ingesogea mbele sentimita 53 kwa kila mzunguko. Mashine inazunguka mara 5,800 kwa dakika, na gia ya chini inapunguza kwa 1.75, kwa hiyo propela inazunguka mara 3,314 hivi. Zidisha, utapata mita 1,768 kwa dakika, sawa na kilomita 106 kwa saa. Lakini maji si mti. Kifaa cha GPS kikionyesha kilomita 94, upotevu ni kama asilimia 11, na hiyo ni hali njema. Kikionyesha 80, robo ya kazi ya propela inapotea, na fundi atafute sababu: mashine iko juu mno, propela imepinda, au si ya boti hiyo. Kuongeza au kupunguza hatua kwa inchi moja hubadilisha mizunguko kwa 150 hadi 200 hivi. Mashine isiyoweza kufikia mizunguko iliyoandikwa na kiwanda huwa kama punda aliyezidishiwa mzigo. Ile inayoipita hujivunja yenyewe.

Na majaribio yote hayo yafanywe na uzito gani? Mwenye boti hutaka tujaribu na watu wawili na tangi nusu, apate mwendo wa kujisifia. Kesho yake anapakia wageni wanane na vyombo vya kuzamia. Boti hiyo si ile tuliyoijaribu jana.

Sasa nije kwenye pembe ya mashine, ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike. Ukiusukuma mguu wa mashine nje kidogo, omo huinuka na boti huwa nyepesi. Ukizidisha, boti huanza kuruka-ruka kama pomboo. Katika mwendo mkubwa boti zenye mkuku wa ncha huanza pia kuyumba kushoto na kulia, kwanza polepole, kisha kila yumbo linazaa jingine kubwa zaidi, na kama waya wa usukani umelegea hata kidogo, mkono wa mwendeshaji unaongeza badala ya kupunguza. Mwendeshaji asiyejua huishika kwa nguvu au huuachia moto ghafla. Na anayekata kona kali huku mashine imeinamishwa vibaya anaweza kuona boti imeshika maji kwa ubavu na kugeuka mara moja, watu wakaendelea mbele peke yao.

Ndivyo ilivyokuwa kwa msaidizi wangu, kijana wa miaka ishirini na miwili. Mwajiri wetu wa wakati huo, ambaye sitamtaja, alikuwa amenunua mashine iliyotumika ya nguvu za farasi 200 kwa boti ambayo kibao chake cha kiwanda kilisema mwisho ni 150. Mashine ilivalishwa kofia ya 150 ili mkaguzi asiulize. Nilikataa kuijaribu kabla usukani wa waya haujabadilishwa kuwa wa haidroliki. Niliitwa mkaidi. Siku iliyofuata nilipelekwa kazi nyingine, na kijana akapewa funguo. Alitoka peke yake. Kamba ya kuzimia mashine ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani, mahali ambapo haimsaidii mtu. Katika kona ya tatu alirushwa, na boti ikabaki inazunguka duara bila mtu, kama zifanyavyo zote zikiachwa na mashine inavuta. Ilimpitia mara moja. Wavuvi walimtoa. Mguu wa kushoto alibaki nao, lakini hautakunjika tena kama zamani. Barua ya mwajiri ilisema ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi, kwa kuwa hakujifunga kamba.

Ni kweli hakujifunga. Sisi mafundi nasi tuna lawama, na sitaificha: tumezoea kuiona kamba ile kuwa ya wageni na waoga. Wako wanaoziba swichi kwa kipande cha plastiki ili isiwasumbue. Hata waendeshaji wazoefu wa nchi tajiri wameteleza hapo. Tarehe 5 Mei 2013, karibu na Padstow huko Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa yote kutoka kwenye boti yao ya kasi iliyokuwa ikigeuka. Kamba haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji, na boti ikaendelea kuzunguka juu yao. Baba na binti yake wa miaka minane walikufa. Huko Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, mwendeshaji wa boti iliyo chini ya futi 26 yenye mashine ya nguvu za farasi 3 au zaidi analazimishwa na sheria kujifunga kwenye swichi hiyo boti inapokuwa katika mwendo wa kupanda juu ya maji, ikiwa boti ina swichi na usukani hauko ndani ya chumba.

Lakini kumtia kijana hatiani kwa kamba, ukanyamaza juu ya kofia ya uongo, waya uliolegea na kumtuma mtu mmoja afanye kazi ya watu wawili, huko ni kutafuta wa kumtupia mzigo. Mwenye kusoma saa ya presha, saa ya mizunguko na GPS hawezi papo hapo kutazama maji mbele yake. Nasema jaribio la boti ya kasi ni kazi ya watu wawili, mmoja usukanini na mmoja wa kusoma na kuandika, wote na maboya mwilini, na mwenye usukani amefungwa kamba.

Haki ya kukataa tunayo tayari. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejitoa katika kazi ambayo ana sababu ya kuamini kuwa ina hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, na tangu Juni 2022 umo katika mikataba ya msingi ya shirika hilo. Kenya ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, Tanzania ina yake ya 2003. Kinachokosekana ni maandishi katika mikataba yetu na waajiri: kwamba saa za majaribio ni saa za kazi na zinalipwa, kwamba jaribio halifanywi na mtu mmoja, na kwamba fundi akikataa mashine inayozidi kibao cha boti hahamishwi kazi kwa sababu hiyo.

Waajiri watasema mashine za siku hizi zina kompyuta na zinajipanga zenyewe. Kompyuta hupima mafuta na joto vizuri sana, nakubali. Sijaona bado iliyotoboa matundu mengine kwenye tezi.

Nawaomba mafundi wa Lamu, Malindi, Tanga, Unguja na Mtwara wafanye jambo moja kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri. Kila mashine mtakayoifunga, andikeni katika daftari saa za kukaza boliti upande mmoja na saa za majaribio upande wa pili, pamoja na idadi ya watu waliokuwamo ndani ya boti. Makatibu wa matawi wazikusanye karatasi hizo. Kamati ya mazungumzo imekuwa ikienda mezani bila hesabu hiyo.