Dini, Dola na Mashine: Riwaya ya Kisayansi Itazame Bonde la Ufa

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii yafaa kuwa kauli ya kwanza ya kila anayehakiki riwaya ya kisayansi. Chombo kinachopaa angani katika kurasa zake kimeundwa na mtu, kimelipiwa na mtu, na aghalabu kimebarikiwa na mtu. Mhakiki anayekistaajabia chombo na kuwasahau waundaji, walipaji na wabariki wake hajaisoma riwaya. Ametazama fataki tu.

Watunzi wa Magharibi walilitambua jambo hili mapema. Katika Foundation (1951), Isaac Asimov anawasawiri wanasayansi waliojivika ukuhani: mataifa jirani yanapewa nishati ya nyuklia, lakini yanafunzwa kuiabudu badala ya kuielewa. Frank Herbert, katika Dune (1965), anasimulia shirika la wanawake linalopanda ngano za mkombozi katika sayari za mbali ili siku moja zivunwe kisiasa. Naye Octavia Butler, katika Parable of the Talents (1998), anamwonyesha mhubiri anayeukwea urais wa Marekani huku wafuasi wake wakiwatia utumwani wasioamini kama wao. Kigezo kinachojitokeza ni kimoja: imani hupandwa na wenye nguvu, na mavuno ni yao.

Fasihi ya Kiswahili nayo haikulala. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Humo dola inamhukumu Dzombo kifo na kumtia katika chombo cha angani. Kitanzi kimegeuzwa mashine. Dzombo anajifunza kukiongoza na kutua katika nchi ya usawa. Sayansi, basi, ni zana ya kunyonga kabla haijawa zana ya kukomboa. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamtoa marehemu kaburini aje kumsuta mjukuu wake K, kigogo aliyelewa mali na madaraka. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila nayo inamzungusha mhusika wake duniani kumsaka anayeiharibu. Wahakiki huzipa kazi za aina hii majina kama riwaya ya majaribio au uhalisia wa kimazingaombwe. Majina hayo si kosa. Kosa ni kuishia kwenye umbo, bila kuuliza nani anaitumia mashine, na nani anaiombea dua.

Hata hivyo, mwanafunzi atakayekichukua kigezo cha Asimov na Herbert na kukipachika jinsi kilivyo juu ya Bonde la Ufa atapata nusu ya ukweli tu. Nusu hiyo ipo, tena ni nzito. Katika enzi ya chama kimoja, falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja ilirudiwarudiwa mithili ya katekisimu, na habari za Rais kuhudhuria ibada ya Jumapili zilipewa kipaumbele katika taarifa ya habari. Harambee za makanisani zikawa majukwaa ya wanasiasa, hata ikafika Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza michango waliyoitoa kanisani irudishwe. Huko Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya waumini walioshawishiwa kufunga hadi kufa.

Nusu ya pili iko Nakuru. Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Nakuru kati ya 1971 na 1996, aliyakemea hadharani mapigano ya kikabila yaliyowafurusha wakulima wa Molo na viunga vyake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Padri John Kaiser, mmishenari kutoka Marekani, aliwatetea wakimbizi wa ndani wa kambi ya Maela, kisha mwaka 1999 akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi na kuwataja wakubwa. Mnamo Agosti 2000 mwili wake ulipatikana kando ya barabara ya Nakuru kwenda Naivasha. Wapelelezi wa FBI walisema alijiua. Uchunguzi wa mahakama uliotolewa uamuzi mwaka 2007 ulisema aliuawa. Altare ile ile iliyompa mtawala kiti cha mbele ilimpa mkimbizi sauti.

Huenda msomaji akapinga kwamba hayo ni historia, ilhali riwaya ya kisayansi hutazama kesho. Jibu liko katika kreta ya Menengai. Katika mapango yake waumini hufunga na kukesha wakiomba. Humo humo kretani, tangu mwaka 2011, mitambo imekuwa ikichimba visima vya mvuke wa ardhini, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kuzalisha umeme. Pango la sala na kisima cha mvuke viko chini ya ukingo mmoja. Mtunzi wa hapa hahitaji kubuni sayari. Anachohitaji ni kubuni wahusika na kuuliza: katika nchi ambayo mvuke ni mamlaka, nani atautolea zabuni, nani ataubariki, na nani ataswali ili usimzimikie?

Riwaya itakayomchora kila kasisi kuwa kibaraka itamsingizia Kaiser. Itakayomchora kila mhubiri kuwa shujaa itawasaliti waliozikwa Shakahola. Kazi inayowangojea watunzi chipukizi ni kuzishika nusu zote mbili katika mhusika mmoja, ikibidi katika sala moja. Wahadhiri nao wasiwaachie wanafunzi kuyasoma haya kama ndoto za anga za mbali. Dzombo alihukumiwa duniani, na mahakama iliyomhukumu haikuwa ya sayari nyingine.