Mche Hukunjwa Ungali Mbichi

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Aghlabu methali hii twawasomea watoto. Lakini ndugu msomaji, wako wengine walioishika barabara kutushinda sisi wazazi, nao ni wakulima wa bangi.

Bangi ya nchi za ikweta ni mmea wa kwenda juu. Hupita kimo cha mtu, na majani yake hujulikana kwa mbali. Basi mkulima huuwahi ungali mchanga. Huliinamisha shina polepole, akalifunga kwa kamba, mmea ukatambaa ubavu badala ya kusimama. Hapo hupata mambo mawili. Kwanza, hauonekani nje ya ua. Pili, ncha ndiyo izuiayo matawi ya chini yasinyanyuke. Ikishalazwa, matawi ya ubavuni nayo hupata jua, na mavuno huzidi. Shina likishakomaa haliinamiki tena, huvunjika.

Serikali nazo hazikulala. Huko California, Marekani, kampeni ya kuisaka bangi kwa helikopta ilianza mwaka 1983. Wakulima hawakuacha, walizidi kuificha. Na mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilo wakaihalalisha. Hapa Kenya, sheria ya 1994 ilipotungwa iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa mwenye kuilima, na miaka 10 kwa aliyekutwa nayo kwa matumizi yake mwenyewe. Katika uchaguzi wa 2022 George Wajackoyah aliahidi kuifanya zao la biashara ili nchi ilipe madeni yake. Hakupata hata nusu ya asilimia moja ya kura.

Kwetu Lamu, hukumu ya dini haina utata. Az-Zarkashi, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 1392, aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wa hashishi. Kijana wa Langoni au Mkomani hahitaji kuambiwa tena kuwa kilevi ni haramu. Alilijua hilo chuoni, kabla hajabaleghe.

Ila kujua peke yake si kamba ya kumshika. Kijana humaliza chuo, humaliza skuli, kisha asione kazi. Bahari iliyowalisha babu zake nayo imebana: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya. Katika pengo hilo ndipo muuza msokoto anapomwahi. Sisi humjia mwishoni, kwa pingu na matusi, shina limekwisha kukomaa, tukamvunja.

Kwa rai yangu, haramu ibaki haramu na muuzaji aandamwe. Lakini kumtia gerezani mtoto wa miaka 18 kwa msokoto mmoja ni kumpeleka kwa walimu wabaya kuliko wale wa mtaani. Mafundi majahazi wa Matondoni wapewe wanafunzi, na wachonga milango vivyo hivyo. Kaunti na itoe karo ya ufundi, na mwalimu wa chuo aulize habari za mwanafunzi wake hata baada ya kuhitimu.

Mwenye bangi hangoji mche wake ukomae ndipo aushughulikie. Sisi na watoto wetu twangoja nini?