Safu mbili hazitoshi

Wiki hii nimeiacha PHP kidogo nikachungulia shamba la wenzetu wa biolojia, na nimerudi na neno.

Protini ndani ya seli hazifanyi kazi peke yake. Hushikana, huachana, moja humsaliti mwenzake. Kuna p53, ambayo hutukinga na saratani. Protini nyingine, MDM2, huishika na kuitia alama ili ivunjwe. Mpe mwandishi wa programu kazi ya kuhifadhi habari hizo naye atachora jedwali la safu mbili: P04637 huku (ndiyo namba ya p53 ya binadamu katika UniProt), Q00987 kule, kisha anaenda zake kunywa chai.

Mimi nasema hilo ni kosa. Maabara haioni "A hushikana na B", huona jaribio. Mara nyingi watafiti hutumia protini moja kama chambo, wakaivuta pamoja na chochote kilichoing'ang'ania. Tuseme zimekuja 9. Hizo ni jozi ngapi? Ukiunganisha chambo na kila moja, 9. Ukiunganisha zote kwa zote, 45! Jaribio lenyewe halikusema hivi wala vile. Lilisema tu kwamba hizi 10 zilikutwa pamoja. Ukijaza jozi 45 umetunga habari, na anayetafuta dawa kesho hatajua ipi ilionekana na ipi ni yako.

Ndiyo maana naipenda IntAct, hifadhidata ya EMBL-EBI kule Hinxton, Uingereza. Humo kila habari imefungwa kwenye jaribio lake: mbinu ipi, chambo kipi, makala ipi. Hata aina ya uhusiano ina namba katika msamiati wa pamoja wa PSI-MI, muundo uliochapishwa 2004. MI:0407 maana yake zimegusana moja kwa moja. MI:0914, zilikutwa kundi moja tu.

Kwa wasiotaka XML kuna MITAB, jedwali la kawaida. Toleo la 2.5 lilikuwa na safu 15, la 2.7 lina 42, na mojawapo hueleza kama jozi imetokana na kupanua kundi. Wengi hulalamika kwamba 42 ni nyingi mno. Wanapakua faili, wanafuta 40, wanabaki na mbili. Nami mara ya kwanza nilifanya vivyo hivyo.