Dawa ya Presha na Kansa ya Ubongo

Haidralazini sisi wauguzi tunaijua. Kwa miaka 70 hivi imekuwa ikilegeza mishipa ya damu, na mama mjamzito mwenye presha kali huchomwa sindano yake asije akapata kiharusi.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza inavyofanya kazi. Huzuia kimeng'enya kiitwacho ADO, ambacho husababisha mishipa kujikaza. Kimeng'enya hicho husaidia pia glioblastoma, kansa kali ya ubongo. Katika maabara, chembe za kansa hiyo zilipotiwa dawa ziliacha kugawanyika, ingawa hazikufa.

Tunafurahi kuona dawa ya zamani ikichunguzwa upya. Lakini chembe za maabara si mgonjwa. Utafiti huo haukumponya mtu.

Basi, anayeumwa kichwa siku nyingi asimeze vidonge vya presha vya bibi. Presha yaweza kushuka ghafla akaanguka. Aje hospitali achunguzwe. Na wewe mama mjamzito, usikose kupimwa presha kila uendapo kliniki: kwako dawa hii imekwisha kuthibitika.